Niko mwaka wa kwanza chuo Marekani, nataka kuingia benki za uwekezaji, nianzie wapi?

Msukuma_Ohio

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni kijana wa Mwanza, niko mwaka wa kwanza chuo kimoja cha serikali huku Ohio, nasoma uchumi, nipo kwa viza ya mwanafunzi, F-1, nusu ya ada nimepata udhamini na nusu wazee wanajibana nyumbani. Mambo ya hisa na makampuni kununuana nayapenda muda mrefu, mjomba wangu ana hisa za Vodacom tangu zilipouzwa 2017 na kila taarifa ya mwaka ikitoka mimi ndo namsomea.

Sasa juzi jamaa wa mwaka wa nne hapa chuoni kaniambia kama nataka kufanya intanshipu kwenye benki za uwekezaji, zile zinazosimamia makampuni kununuana na kuuza hisa, kule New York au Chicago basi muda wa kujiandaa ni huu huu, nikishangaa kidogo tu nimechelewa. Mimi nilijua haya ni mambo ya mwaka wa mwisho, kama nyumbani mtu anamaliza chuo ndo anaanza kuzunguka na bahasha ya vyeti. Nimeingia mtandaoni kusoma ndo nimezidi kuchanganyikiwa, kila mtu anauza kozi yake.

Naomba kujua, ni kweli inaanza mapema hivyo? Chuo chetu sio vile vya majina makubwa, kuna nafasi kweli? GPA yangu (wastani wa alama, huku juu kabisa ni 4.0) semista ya kwanza ni 3.6. Viza nayo inazuia? Na nisome nini kwa sasa? Mwenye uzoefu anisaidie, nawasilisha.

Mkazi_wa_Midtown

Karibu sana mdogo wangu. Njia hiyo nimeipita, chuo kisicho na jina, pasipoti ya Tanzania, nikafanya uanalisti, ile kazi ya ngazi ya kwanza benki, New York na sasa nimetoka benki nipo kwenye kampuni ya kawaida, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu vumilia.

Huyo jamaa wa mwaka wa nne amekwambia ukweli. Iko hivi, hizi benki haziajiri sana watu waliomaliza chuo kutoka mtaani, analisti wapya karibu wote wanatoka kwenye wanafunzi waliofanya intanshipu ya kiangazi kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Ni wiki kama 10, ukifanya vizuri unaondoka na ofa ya kazi kabla hata hujaanza mwaka wa nne. Kwa hiyo mlango wenyewe ni ile intanshipu. Sasa benki zinagombania kuwawahi watoto wazuri, kila mwaka zinawahisha kidogo, imefika mahali maombi mengi yanafunguliwa ukiwa mwaka wa PILI, kuanzia kama Desemba mpaka Machi hivi, yaani zaidi ya mwaka mzima kabla hujaripoti kazini. Na hawasubiri siku ya mwisho, wanaita watu huku nafasi zinajaa, anayetuma siku ya kufunga anakuta meza imeshaliwa.

Hebu piga hesabu hapo. Siku unatuma maombi wanaona semista tatu tu za chuo. Wewe moja umeshaimaliza. Hiyo uliyomo sasa ni ya pili. Ndo maana nakwambia 3.6 ni nzuri, benki nyingi zinachuja kwenye 3.5, ila kwa mtu wa chuo kama chako jitahidi uipeleke 3.7 na kuendelea, maana anayesoma CV yako hakijui chuo, kitu anachoweza kukipima haraka ni ile namba. Usirundike masomo magumu manne semista moja ili uonekane mkali, hakuna anayeona hilo.

Kuhusu chuo. Wharton, Harvard, NYU Stern, Michigan, huko benki zinakwenda zenyewe, zinafanya hafla, zinachukua CV kwa mafungu. Kwako hawaji, kwa hiyo wewe ndo uwafuate, na mtu wa kumfuata ni aliyesoma hapo hapo kwenu. Fungua LinkedIn, ingia ukurasa wa chuo chako, sehemu ya wahitimu, chuja kwa mji na kwa jina la benki. Utakuta watu. Anza na jirani, usikimbilie Goldman Sachs peke yake, Cleveland hapo hapo Ohio kuna KeyBanc Capital Markets, Chicago kuna William Blair na Houlihan Lokey wana ofisi, Milwaukee kuna Baird. Hizi za ukubwa wa kati zinafanya dili nyingi za viwanda vya ukanda huo, na zinachukua watoto wa vyuo vya serikali kuliko watu wanavyodhani.

Semista hii ingia kwenye ule mfuko wa uwekezaji wa wanafunzi kama chuo kinao, vyuo vingi vinao, unapewa kampuni uichambue unasimama mbele ya wenzako unatetea kwa nini inunuliwe. Ile ndo inajaza CV ya mtu wa mwaka wa kwanza, sio orodha ndefu ya vilabu ulivyojiandikisha hujawahi kwenda. Na kiangazi hiki usikae bure, tafuta kitu chochote cha fedha hata ofisi ndogo ya ushauri wa mitaji mjini kwenu, watu wawili watatu, ukipiga nao kazi kweli inahesabika. Zipo pia programu za siku chache ambazo benki kubwa zinaandaa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, soma masharti ya kila moja maana kuna zinazotaka kibali cha kazi cha aina fulani.

Viza nawaachia wanaoijua vizuri.

Karatasi_Safi

Nijibu hilo la viza, nafanya kazi ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuo kingine (sio mwanasheria, ya kwako thibitisha kwa ofisi yenu).

Kitu cha kwanza kabla hujalala leo, toa I-20 yako, ile fomu ya chuo uliyoombea viza, angalia ukurasa wa kwanza penye kozi yako pana namba. Uchumi una namba zaidi ya moja. Ukiona 45.0601 huo ni uchumi wa kawaida, hauhesabiwi STEM, yaani kundi la sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Ukiona 45.0603 huo ni uchumi wa kipimo (econometrics), unahesabiwa STEM. Shahada zinaweza kufanana jina kabisa ila matokeo ni mbingu na ardhi, maana baada ya kuhitimu kila mtu wa F-1 anapata OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi, miezi 12, ila wa STEM anaongezewa 24 juu yake, jumla miaka mitatu, mradi mwajiri awe amesajiliwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi. Kwa benki hiyo ni tofauti ya kumwajiri mtu ambaye wana mwaka mmoja wa kuhangaikia viza yake na mtu wana miaka mitatu, na wewe mwenyewe unaingia bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi, zaidi ya mara moja. Kama chuo chenu kina kozi zote mbili badilisha mapema, mwaka wa kwanza ni fomu na saini tu, mwaka wa tatu inaweza kukudai masomo ya hesabu ambayo hujayagusa.

Pili intanshipu yenyewe. Utahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi ya mafunzo ukiwa bado masomoni, inatolewa na chuo, na sharti uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo ya muda wote. Kwa hiyo hata kiangazi hiki cha kwanza unaweza kuomba, ila kila chuo kina utaratibu wake, vingine vinataka usajili somo la mafunzo kwa vitendo. Usianze kazi hata siku moja kabla kibali hakijatoka, hata ile isiyolipa kaulize kwanza ofisini. Wiki 10 za CPT hazikupunguzii OPT, inayokufuta ni ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote.

Tatu kwenye fomu za maombi kuna swali kama utahitaji mwajiri akudhamini viza sasa au baadaye. Jibu ukweli. Benki kubwa nyingi zinadhamini, ndogo nyingi hazidhamini, kwa hiyo kabla hujamaliza nguvu kwa kampuni fulani muulize mtu wa ndani kama wameshawahi kuwa na mtu wa viza. Na hizi sheria zinabadilika, Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B watu wakapaniki sana, Oktoba uhamiaji wakafafanua kwamba aliyeko ndani ya Marekani anayebadilisha kutoka F-1 haimhusu. Fuatilia kwenye tovuti yao, sio kwenye magrupu ya WhatsApp.

DadaKigamboni

Kila la heri mdogo wangu ila na mimi niseme langu, kuna mtu wa karibu yangu yupo kazi hiyo. Naona wote mnaongelea kuingia tu hamuongelei maisha ya ndani. 2021 analisti wa mwaka wa kwanza pale Goldman Sachs walijikusanya wakafanya dodoso lao likavuja, wastani walikuwa wanafanya kazi masaa 95 kwa wiki. Tisini na tano! 2024 JPMorgan wakaweka ukomo wa masaa 80 kwa analisti wao mara nyingi, na hiyo ilionekana ni habari njema. Huyo wangu anakula chakula cha usiku mezani kazini, mama yake akipiga kutoka Dar simu haipokelewi wiki nzima. Hela ipo sikatai, ila kijana ajue anaomba nini, asije akaingia kwa sababu ya suti na picha za maghorofa.

Mkazi_wa_Midtown

Dada umesema jambo la msingi sana na silipingi. Masaa ni hayo. Mdogo wangu ndo maana hizo simu na wahitimu wa chuo chenu usizichukulie kama kutafuta tu wa kukubeba, waulize wiki yao iliyopita ilikuwaje, Jumamosi walikuwa wapi. Kuna timu na timu. Na swali la kwa nini unataka benki za uwekezaji utaulizwa kila usaili, mtu aliyeuliza haya mapema jibu lake linasikika lina nyama.

Mhasibu_Kariakoo

Mimi sipo huko majuu, niko Dar, mhasibu, ila hayo maswali ya kitaalamu wanayouliza ni uhasibu mtupu na hapo vijana wengi wa uchumi wanaangukia pua. Ngoja nikupe moja ambalo ni maarufu dunia nzima, ukilielewa hili umeelewa taarifa zote tatu za hesabu za kampuni zinavyoshikana.

Uchakavu wa mashine umeongezeka kwa 10, nini kinatokea? Chukua kodi ya kampuni 30% kama ya kwetu Tanzania (kwenye usaili wao watakutajia kiwango chao). Kwenye taarifa ya mapato, faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 3, kwa hiyo faida halisi inashuka 7. Njoo kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, unaanza na ile faida iliyoshuka 7, halafu unarudisha 10 maana uchakavu ni gharama ya kwenye makaratasi hakuna hela iliyotoka mfukoni, kwa hiyo fedha taslimu imeongezeka 3. Nenda kwenye mizania (mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili), upande wa mali fedha imepanda 3, mashine zimeshuka 10, jumla mali zimeshuka 7. Upande wa pili faida iliyolimbikizwa imeshuka 7. Mizania imekaa sawa.

Sasa usikariri hizo namba. Jiulize hiyo 3 imetoka wapi. Imetoka kwa mtu wa kodi, umelipa kodi kidogo kwa sababu umeonyesha faida ndogo, basi. Ukilieleza hivyo kwa mdomo wako bila karatasi msaili anajua huyu kaelewa. Halafu anakugeuzia, anakwambia haya, nimenunua mashine ya 100 kwa mkopo, nielezee hatua kwa hatua mwaka wa kwanza. Na hapo ukiwa umekariri lile la kwanza tu unakwama.

Kingine, ukianza kujifunza kuthaminisha kampuni usianze na benki kama NMB au CRDB. Naona vijana wengi wanaanzia huko kwa sababu ndo hisa wanazozijua. Benki deni kwake ni malighafi, amana za wateja ni deni, kwa hiyo zile hesabu za thamani ya kampuni nzima ukigawa kwa EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu) hazifanyi kazi, benki zinapimwa kwa bei ya hisa dhidi ya faida au dhidi ya mtaji. Anza na kitu kinachotengeneza bidhaa, Twiga Cement, TBL, au huko uliko fungua EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, taarifa za kampuni zote zilizopo sokoni zipo bure, chukua moja ya kawaida tu jaza taarifa zake za miaka mitatu kwenye Excel kwa mkono wako mwenyewe. Kozi za kulipia subiri, Profesa Aswath Damodaran wa NYU Stern masomo yake ya uthaminishaji yote kayaweka mtandaoni bure kabisa.

Nairobi_Kwa_Soko

Habari ya huko boss. Niko Nairobi kwa timu ya ushauri wa dili za makampuni kununuana, nitaongeza kitu moja tu. Kwa usaili utaambiwa "niambie dili moja umeifuatilia". Wanafunzi wote huko wataongea zile dili kubwa za teknolojia za Marekani, msaili ameshazisikia mpaka amechoka. Wewe mTanzania uko na dili nzuri sana ya nyumbani, Amsons kununua Bamburi.

Ni hivi, Holcim, kampuni ya simenti ya Uswisi, ilikuwa inajitoa hii ukanda yetu, ilikuwa na hisa 58.6% ya Bamburi Cement hapa Kenya. Julai 2024 Amsons ya Tanzania ikaweka ofa ya shilingi 65 ya Kenya kwa kila hisa, kampuni nzima inakuja kama bilioni 23.6. Halafu Savannah Clinker, kampuni ya Kenya, nao wakaingia na 70. Kila mtu akasema Amsons imeisha, lazima wapandishe bei. Hawakupandisha. Savannah baadaye wakajiondoa, Amsons wakachukua kwa 65 ile ile.

Hapo kuna mambo ya kuongea dakika kumi nzima. Kwa nini Holcim wanauza? Kwa nini mnunuzi wa simenti anataka kuvuka mpaka, na kumbuka Amsons walikuwa wameshanunua Mbeya Cement kutoka kwa Holcim hao hao, kwa hivyo muuzaji anawajua. Kwa nini ofa ya juu haikushinda? Muuzaji haangalii bei peke yake, anaangalia nani yuko na pesa tayari na nani atafunga dili kwa uhakika. Kisha tafuta tani za uwezo wa kiwanda, gawanya bei kwa tani, linganisha na dili zingine za simenti. Hiyo kazi ukiifanya mwenyewe hakuna mtu kwa hiyo chumba atakuwa ameisikia, na utaieleza kwa moyo kwa sababu ni ya kwenu.

Na ukikosa huko si mwisho wa dunia, kazi za dili ziko Nairobi pia, kuna benki za uwekezaji zenye leseni ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji) na timu za dili za KPMG, PwC, Deloitte na EY, na mtu aliyesoma mambo haya vizuri anatafutwa.

Mombasa_London

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Uingereza, huku ratiba ni nyingine. Ukiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka mitatu unaomba ile wiki ya springi, yaani benki zinakuchukua siku chache kipindi cha Pasaka ukaone kazi, na maombi yake yanaanza kufunguliwa Agosti na Septemba, hata darasani hujaingia. Wengi wanaofanya vizuri wiki ile wanaitwa moja kwa moja usaili wa intanshipu ya mwaka unaofuata. Wadogo zangu mnaokuja Septemba andikeni CV zenu mkiwa bado nyumbani, msichelewe.

Msukuma_Ohio

Wakuu sijui niseme nini, Mungu awabariki. I-20 nimeiangalia imeandikwa 45.0601, kesho asubuhi naenda kwa mshauri wa masomo kuulizia ile nyingine. Na mfuko wa wanafunzi upo, nimeshajiandikisha wameniweka timu ya viwanda.

Nimepata pia watu wa chuo chetu, mmoja yupo Cleveland. Nimeandika imeili hii, naomba mniangalizie: "Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na ndoto kubwa ya kufanya kazi katika benki yenu yenye hadhi ya kimataifa. Nitashukuru sana ukinisaidia kupata nafasi ya intanshipu. Nimeambatanisha CV yangu. Wako mtiifu."

Mkazi_wa_Midtown

Umefanya vizuri kuileta kabla hujaituma. Heshima yake nimeipenda lakini huyo ni analisti wa miaka 24, muite kwa jina lake la kwanza, huku ndo adabu. Na umemuomba kazi ambayo hana uwezo wa kukupa, atafunga tu imeili aendelee na mambo yake. Muombe kitu anachoweza kutoa bila kumuuliza mtu, yaani dakika zake 15.

Iwe hivi: "Habari (jina), niko mwaka wa kwanza hapa chuoni ulikosoma, nasoma uchumi. Nimeona ulikuwa kwenye mfuko wa uwekezaji wa wanafunzi kabla ya kwenda Cleveland, mimi nimejiunga semista hii, niko timu ya viwanda. Ningependa kusikia ulivyojiandaa ukiwa mwaka wa pili. Je, utakuwa na dakika 15 wiki ijayo, Jumanne au Alhamisi baada ya saa kumi jioni? Nitashukuru."

Imeisha. CV usiambatanishe mpaka aombe. Umempa sababu ya kukujibu wewe na sio mwingine, umemtajia siku, kazi yake ni kuchagua tu. Asipojibu wiki nzima mkumbushe mara moja kwa sentensi mbili, akinyamaza tena muache nenda kwa mwingine, sio chuki ni yale masaa aliyosema dada hapo juu. Akikubali piga dakika ile ile mliyokubaliana, uwe na maswali matano umeandika, na ukikaribia kumaliza muulize kama kuna mwenzake anaona nafaa kuongea naye. Watu wengi wanasahau swali hilo na ndo linalokupa jina la pili na la tatu. Jioni hiyo hiyo mshukuru kwa kutaja kitu kimoja alichokwambia. Kisha fungua jedwali kwenye Excel, jina, benki, tarehe, mlichoongea, maana ikifika Januari ya mwaka wa pili utarudi kwa kila mmoja wao kumwambia maombi yamefunguliwa na umeshatuma.

Iandike upya kwa maneno yako iweke hapa, niipitie kabla haijaenda.